Kibanda cha Jakuzi la Uani: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Kitakachokufaa

Malalamiko ninayopokea kuhusu vibanda vya jakuzi yanafanana kama shilingi kwa ya pili. Kibanda kimesimama, kinapendeza, halafu siku ya kwanza ya kukitumia kifuniko cha jakuzi kinagonga nguzo na hakifunguki hadi mwisho. Mwingine paa linamdondoshea maji baridi shingoni. Mwingine pampu imekufa, na fundi ameshindwa kufika kwenye mitambo mpaka ukuta uvunjwe.

Chanzo karibu kila mara ni kimoja: mtu alipima jakuzi likiwa limelala, limefunikwa, halina mtu. Pima jakuzi likiwa kazini, kifuniko kiko wazi, mtu anaingia, fundi amepiga magoti, mvuke unapanda. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya kipimo hicho.

## Vitu vya kuandaa

- Futi ya chuma ya mita 5 au zaidi
- Pimamaji, uzi wa fundi na vigingi vinane
- Fito au mianzi minne yenye urefu wa mita 3
- Chokaa au unga wa kuchorea chini
- Katoni kubwa iliyokunjuliwa
- Kijitabu cha jakuzi lako: vipimo, uzito, lita za maji, na upande ulipo mlango wa mitambo
- Daftari

Kama jakuzi bado hujalinunua, kijitabu chake kitafute kwanza. Kununua kibanda kabla ya kujua jakuzi ni kushona nguo ya mtu usiyemjua.

## Hatua ya 1: Chukua vipimo vinne vya jakuzi likiwa kazini

Nitatumia mfano wa jakuzi la watu sita, lenye mita 2.2 kwa 2.2 na kimo cha sentimita 90. Weka namba zako mahali pa zangu.

Kifuniko kikiwa wazi. Kifuniko cha kawaida hukunjwa katikati. Ukiwa na mkono wa kukiinulia, kile kipande kilichokunjwa hupanda juu, huzunguka, kisha hukaa wima nyuma ya jakuzi. Kinahitaji sentimita 45 hadi 60 nyuma. Kikiwa katikati ya safari husimama karibu mita 1.1 juu ya ukingo, yaani mita 2 kutoka chini. Hapa ndipo vibanda vingi huanza kugombana na jakuzi.

Mlango wa mitambo. Pampu, hita na mabomba viko nyuma ya ubao wa upande mmoja. Acha sentimita 90 upande huo, na angalau sentimita 60 pande nyingine, maana bomba likivuja halichagui upande. Niliwahi kumshikia taa fundi aliyekuwa anabadilisha pampu kwenye nafasi ya sentimita 35. Alilala ubavu kwenye zege lenye maji, akifungua nati kwa vidole viwili, kwa sababu spana haikuwa na mahali pa kuzungukia. Kazi ya nusu saa ilimaliza alasiri nzima.

Mtu aliyesimama. Ukiingia hukanyagi chini moja kwa moja. Unapanda ngazi, unavuka ukingo, unakanyaga kiti cha ndani kilicho kama sentimita 45 juu ya ardhi. Mtu wa mita 1.8 hapo kichwa chake kiko mita 2.25. Kwa hiyo boriti ya chini kabisa isipungue mita 2.4.

Njia ya kulitoa. Siku moja jakuzi litatoka, kwa matengenezo makubwa au kubadilishwa. Husafirishwa likiwa limesimamishwa ubavuni, hivyo linahitaji uwazi wa zaidi ya mita 1 kwa upana na mita 2.4 kwenda juu. Upande mmoja wa kibanda ubaki bila kitu cha kudumu.

Jumlisha sasa. Mbele na nyuma: 2.2 + 0.6 ya kifuniko + 0.9 ya ngazi na mitambo ni mita 3.7. Kushoto na kulia: 2.2 + 0.6 + 0.6 ni mita 3.4. Hiyo ni nafasi *kati ya nguzo*.

Tahadhari: Vibanda vya kuunganisha mara nyingi hutangazwa kwa kipimo cha paa. Kile kinachoitwa "mita 3 kwa 3" kinaweza kuwa na mita 2.6 tu baina ya nguzo. Muulize muuzaji kipimo kutoka uso wa ndani wa nguzo hadi uso wa ndani wa nguzo nyingine, akuandikie.

Umefaulu ukiwa na: namba tatu daftarini, yaani upana wa ndani, urefu wa ndani na kimo cha boriti ya chini, na unaweza kueleza kila moja imetoka wapi.

## Hatua ya 2: Kichore kibanda uani, kisha ishi nacho siku tatu

Chora jakuzi kwa chokaa, piga vigingi kwenye kona za kibanda, funga uzi kuzunguka, halafu simika fito nne mahali pa nguzo. Kata katoni iwe nusu ya kifuniko na uizungushe kama kitakavyozunguka chenyewe.

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayookoa pesa kuliko zote. Kwenye karatasi nguzo ni kidoti. Uani utagundua imekaa katikati ya njia ya kutoka mlango wa jikoni, au imekata ile sehemu ya mbingu uliyokuwa unaitaka.

Pita hapo asubuhi, mchana na jioni. Andika jua linaingilia upande gani saa unazotarajia kuoga, upepo unatoka wapi, na dirisha la nani linakuona. Mvua ikinyesha siku hizo, una bahati: simama na uone inapigia upande gani.

## Hatua ya 3: Amua unakinga nini

Kibanda kinaweza kukinga jua, mvua, upepo, majani, theluji au macho ya watu. Anayetaka vyote sita kwa ukamilifu huishia na chumba, na chumba kina mashaka yake, tutayaona. Chagua mawili makuu, mengine yawe ziada.

Jua lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Miale yake huvunja klorini ya majini ndani ya saa chache, na hukausha ngozi ya kifuniko mpaka ipasuke. Majani nayo humaliza dawa ya maji na kuziba chujio. Mvua haiharibu jakuzi lenyewe, ila inapunguza nguvu ya dawa na kumfukuza muogaji.

Kuhusu mvua, fanya hesabu hii kabla ya kuamini paa lolote. Mvua inayopigwa na upepo inaweza kuanguka kwa mshazari wa nyuzi 45. Ukingo wa paa ukiwa mita 2.4 na ukingo wa jakuzi mita 0.9, tofauti ni mita 1.5. Mvua hiyo itaingia mita 1.5 ndani ya kibanda kabla ya kufika kimo cha maji. Kwa hiyo upande wa upepo ama paa litokeze mita 1.5 kupita jakuzi, ama uweke ukuta. Paa likipanda juu zaidi, mvua nayo inaingia ndani zaidi.

## Hatua ya 4: Chagua aina

Pergola, yaani nguzo na mapau yaliyo wazi juu. Hupunguza jua, hutoa sehemu ya kutundika mapazia, haizuii mvua hata kidogo. Wapo wanaopandisha mimea inayotambaa juu yake. Juu ya jakuzi mimi sishauri: maua, majani na wadudu vyote vitaishia majini. Kama unataka pergola, chagua yenye mapau ya kuzungushwa yanayofunga kabisa, au iezeke.

Turubai la kivuli au mwavuli mkubwa. Ni rahisi na huondolewa. Vinafaa mahali pa jua kali na upepo mdogo. Turubai lazima liwe na mteremko mkali, la sivyo maji hutuama juu yake kama tumbo, na kila milimita 10 ya maji kwenye mita moja ya mraba ni kilo 10. Mwavuli ufungwe kila unapoondoka.

Gazebo la kuunganisha. Lina paa kamili, pande wazi au za vyandarua. Lile la paa la kitambaa lichukulie kama kitu cha msimu. Lile la paa gumu ni chaguo zuri, mradi vipimo vya Hatua ya 1 vitimie na miguu yake ifungwe kwenye msingi. Angalia pia pembe zake: baadhi yana vishikizo vya mshazari kati ya nguzo na boriti, navyo hushuka hadi kimo cha kichwa, pale pale kifuniko kinapopita.

Paa la kuegemea ukuta wa nyumba. Linaokoa nguzo mbili na linakupa njia kavu kutoka mlangoni. Hatari iko kwenye kiungo. Boriti inayoshikwa ukutani ifungwe kwa bolti zinazoingia kwenye sehemu imara ya ukuta, si kwenye plasta, na juu ya kiungo kuwe na bati lililoingizwa ukutani ili maji yasipenye nyuma. Angalia pia madirisha yaliyo juu na pembeni: mvuke wa jakuzi utaingia ndani ya nyumba kila usiku.

Banda la nguzo nne lenye paa gumu, wazi pande mbili au tatu. Kwa watu wengi hili ndilo ninalolipendekeza, na silisemi kwa kusitasita. Linazuia jua na mvua ya wima, mvuke unatoka, fundi anaingia, na ukuta mmoja upande wa upepo unamaliza tatizo la mvua ya mshazari na la jirani kwa pamoja.

Kibanda kilichofungwa: chumba cha vioo au kuba la plastiki ngumu. Linafaa penye baridi kali na theluji, na kwa anayetaka kuoga mwaka mzima. Ila sasa umejenga chumba chenye chungu cha maji ya nyuzi 38 hadi 40 katikati, na unyevu ndio utakaokutawala.

Tahadhari kubwa: Jakuzi linalochemshwa kwa kuni au gesi halifungiwi ndani ya kibanda. Monoksaidi ya kaboni, gesi yenye sumu inayotoka kwenye moto huo, haina rangi wala harufu, nayo huua. Bomba la moshi lipite juu ya paa, mbali na mbao, na pande zibaki wazi.

## Hatua ya 5: Upangie mvuke njia ya kutoka

Fungua kifuniko usiku wa baridi uone: mvuke unapanda wima kama moshi wa jiko, unagonga paa, unatambaa kutafuta upenyo. Ukiukosa, unageuka maji. Kwenye bati tupu matone hujipanga kando ya misumari, yananenepa, kisha yanaanguka moja moja, tena baridi kuliko mvua yenyewe. Maji hayo huozesha mbao kutoka ndani, mahali usipopaka rangi na usipotazama.

Fanya hivi:

1. Acha uwazi wa juu, kwenye kilele cha paa au chini tu ya ukingo wake, na uwazi wa chini upande wa pili. Hewa baridi ikiingia chini, ya joto itatoka juu yenyewe.
2. Bati tupu lisitumike peke yake. Weka dari ya mbao chini yake na uache nafasi ya hewa katikati, au tumia paneli zenye sponji ya kuzuia joto.
3. Kama kibanda kimefungwa, weka feni ya kutoa hewa inayofaa mahali pa unyevu, na madirisha mawili yanayotazamana.

Kuna sababu ya afya pia. Bakteria wa Legionella, wanaoleta homa kali ya mapafu, hustawi kwenye maji ya nyuzi 20 hadi 45, na humfikia mtu kupitia matone madogo anayoyavuta puani. Kinga ya kwanza ni dawa ya maji, klorini isiyopungua miligramu 3 kwa lita na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, kati ya 7.0 na 7.8. Kibanda kisicho na hewa hakimleti bakteria huyo, lakini kinawawekea waogaji ukungu wote puani.

Umefaulu ukiona: baada ya nusu saa kifuniko kikiwa wazi, mkono ukiupitisha chini ya paa unarudi na unyevunyevu tu, hautoki ukichuruzika.

## Hatua ya 6: Chagua vifaa vinavyovumilia dawa

Mvuke wa jakuzi si mvuke wa chai. Umebeba klorini au bromini, na chuma hakiupendi.

Kwa mbao, msaji na mwerezi vina mafuta yake ya asili na huvumilia unyevu. Paini hufaa ikiwa imetiwa dawa kwa mgandamizo, si kupakwa kwa brashi. Kumbuka kwamba dawa nyingi za mbao zina shaba, nayo hula skrubu za kawaida. Tumia zilizochovywa kwenye zinki ya moto, au za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Daraja la 304 ni la bei nafuu zaidi lakini karibu na klorini huanza kutoboka vidoti.

Alumini iliyopakwa rangi ya poda ni nyepesi na haihitaji matunzo mengi. Chunguza palipotobolewa, kwa sababu ndipo rangi inapobanduka.

Ukiezeka kwa polikaboneti, ile plastiki ngumu inayopitisha mwanga, upande wenye kinga ya jua utazame juu. Umeandikwa kwenye karatasi yake ya kubandua. Plastiki hii hutanuka sana. Karatasi ya mita 4 joto likibadilika kwa nyuzi 40 huongezeka kama milimita 10. Toboa matundu makubwa kuliko skrubu na usikaze kupita kiasi, la sivyo litapiga kelele kila jua likichomoza, kisha lipasuke.

## Hatua ya 7: Msingi, na upepo unaotaka kuling'oa paa

Kuna misingi miwili, na usiichanganye.

Wa jakuzi unabeba uzito. Lita 1,500 za maji ni kilo 1,500. Ongeza kilo 350 za jakuzi tupu na watu sita wa kilo 75, unapata kilo 2,300. Zege la unene wa sentimita 10 lenye wavu wa nondo, juu ya kokoto zilizoshindiliwa, ndicho kiwango cha chini ninachokikubali. Liwe sawa kabisa kwa pimamaji.

Wa kibanda unashikilia kisipae. Upepo wa kilomita 90 kwa saa husukuma kwa nguvu ya karibu kilo 38 kila mita ya mraba. Paa la mita 12 za mraba linaweza kuvutwa juu kwa kilo 450 hivi, na kibanda chenyewe pengine hakifiki nusu ya uzito huo. Chimba shimo la sentimita 40 kwa 40, kina 60, kwa kila nguzo. Zege lake litakuwa na kilo 230, manne yanazidi 900.

Nguzo ya mbao isizikwe ndani ya zege. Isimamishe kwenye kiatu cha chuma kinachoiinua sentimita 2 au 3, ili maji yapite chini yake. Nguzo ya sentimita 10 kwa 10 hutosha banda dogo. Kwa paa zito au mahali pa upepo nenda 15 kwa 15. Na kama theluji huanguka kwenu, usinunue paa ambalo muuzaji hana kipimo chake cha mzigo: theluji iliyoloa ya sentimita 30 inaweza kuzidi kilo 100 kwa mita ya mraba.

Tahadhari: Usitoboe ukingo wa zege la jakuzi kufunga nguzo. Bolti iliyo karibu na ukingo hupasua kona, na upepo ndio utakaomalizia.

## Hatua ya 8: Maji ya paa na umeme

Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 12 za mraba, mvua ya milimita 50, ni lita 600. Weka gata na bomba la kuyapeleka mbali na msingi. Mteremko wa paa usipungue sentimita 9 kwa kila mita, na uelekee upande ambao watu hawaingilii wala mitambo haipo.

Umeme mwachie fundi mwenye leseni. Wewe hakikisha mambo matatu: saketi ya jakuzi ina swichi inayokata umeme unapovuja, ya miliamperi 30, swichi ya kuzimia inaonekana ukiwa majini lakini iko angalau mita 1.5 kutoka ukingoni. Na taa ni za volti 12, zimepachikwa kwenye boriti za pembeni. Taa ya kuning'inia juu ya maji usiiweke, hata ikiwa nzuri namna gani. Bomba la nyaya lilazwe kabla zege halijamwagwa.

## Hatua ya 9: Kabla ya kulipa

Nenda ofisi ya ujenzi ya eneo lako na karatasi yenye mchoro na vipimo vya ulichokichora uani Hatua ya 2. Uliza umbali kutoka mpaka wa kiwanja, kimo kinachoruhusiwa, na kama paa linaloshikamana na nyumba linahitaji kibali cha peke yake. Uliza pia kuhusu uzio na kufuli, hasa kama kuna watoto.

Kisha panga mfuatano: zege, kulisubiri, jakuzi, ndipo kibanda. Zege hufikia nguvu yake iliyokusudiwa baada ya siku 28; likishapata siku 7 za kumwagiliwa vizuri laweza kubeba jakuzi tupu. Jakuzi likitangulia, winchi italishusha kutoka juu bila kuzuiwa na paa.

## Hatua ya 10: Kijaribu kibanda kabla fundi hajaondoka

Fungua kifuniko hadi mwisho mara tatu. Simama kwenye kiti cha ndani, nyoosha mgongo. Piga magoti mbele ya mlango wa mitambo, uufungue na uutoe wote. Mwagia paa kwa mpira wa maji dakika kumi, kwanza wima, kisha kwa mshazari kutoka upande wa upepo, mwenzako akiwa ndani anaangalia viungo. Sukuma kila nguzo kwa bega.

Usiku, maji yakiwa ya moto, acha kifuniko wazi nusu saa na umulike dari kwa tochi. Palipo na matone yaliyojipanga, hapo hewa haipiti. Weka alama kwa chaki, na kesho yake fundi aanzie hapo.